Shina la Kuazima: Historia ya Kubebesha Kaktasi, Kutoka Meksiko Hadi Bilpam

Makala haya yanahusu jambo dogo lifanyikalo barazani: kukata kichwa cha kaktasi moja na kukifunga juu ya shina la kaktasi nyingine, mpaka viwili hivyo viwe mmea mmoja. Ni kazi ya kisu kikali, mpira wa kufungia na subira ya wiki mbili. Hata hivyo, mtu aulizaye mimea hiyo ilifikaje Bilpam, na kwa nini mmoja wake hauwezi kuishi pasipo mwenziwe, atajikuta amefika Meksiko, Australia, Laikipia na Tigray kabla ya kurejea mtaani kwake. Tumeona vyema kuisimulia safari hiyo kwa wasomaji wetu, hasa walimu wenye bustani za shule, maana ndani yake mna hadhari isiyoandikwa kwenye chungu chochote kiuzwacho kando ya barabara.

Tuanze na mahali penyewe. Jina la Bilpam, hapa Juba, nalo ni pandikizi. Bilpam ya kwanza iko Gambela, nchini Ethiopia, karibu na mpaka, na ndiko jeshi la SPLA lilikoweka kambi yake mashuhuri tangu mwaka 1983. Baada ya Mkataba wa Amani wa 2005 serikali ya Kusini ilipokaa Juba, jina hilo lilihamia mjini pamoja na makao makuu ya jeshi, na leo mtoto wa Juba akisikia Bilpam hafikirii Gambela hata kidogo. Kiswahili chetu cha hapa kilikuja kwa njia isiyo mbali na hiyo. Wako waliokitoa Kakuma, kambi iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992. Wako waliokuja nacho kutoka Uganda wakiwa wafanya biashara. Na tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kimepata na mlango rasmi. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule, iliyokamilika mwaka 2012, imeleta saruji, unga, ndizi na maneno. Imeleta pia vyungu vya maua, na katika vyungu hivyo, kaktasi.

Kuhusu majina, yatupasa tusimame kidogo, kwani hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopata kazi. Kamusi zetu zina neno mpungate, ambao ni ule mmea wa vipande bapa kama viganja, wenye matunda mekundu au ya manjano. Zina pia neno dungusi. Waarabu wa Misri na Sudan huuita mpungate kwa jina lenye maana ya tini ya miiba. Neno kaktasi ni geni, nasi tunalitumia katika makala haya kwa ukoo mzima, tukiliacha neno mpungate kwa jamii moja tu ya ukoo huo. Wako wenzetu wanaouita mpungate kila mmea wenye miiba na shina nene, na kosa hilo lingekuwa dogo kama lisingekuwa na hasara katika kazi tunayoieleza.

Hasara yenyewe ni hii. Mimea mingi ya Afrika inayofanana na kaktasi si kaktasi hata kidogo. Mnyaa, ambao watu wengi huupanda kuwa ua, na ile miti mikubwa ya nyika yenye matawi kama kinara cha mishumaa, ni ya ukoo mwingine kabisa, ukoo mmoja na mbono na muhogo. Jua kali na ukame viliifinyanga mimea ya mabara mawili mpaka ikafanana kwa sura pasipo kuwa na udugu. Mtu akitaka kujua tofauti, na akwangue ngozi kidogo: mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kuharibu kuona. Kaktasi nyingi hutoa maji tu, na miiba yake huota kutoka katika vituta vidogo vyenye manyoya. Sasa, mmea hauwezi kubebeshwa juu ya mmea wa ukoo wa mbali. Kichwa cha kaktasi kikifungwa juu ya mnyaa kitakauka, hata kama mikono iliyokifunga ina ustadi wa mganga wa mifupa.

Kaktasi zote, kwa asili, ni za Marekani ya Kaskazini na ya Kusini. Iko moja tu iliyokutwa huku kwetu bila kuletwa na mtu, nayo ni ile nyembamba isiyo na miiba ya kutisha, ining'iniayo juu ya miti ya misitu yenye unyevu kama nywele zilizoachwa wazi; wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Yaonekana imeenea Afrika, Madagaska na Sri Lanka, na wengi hudhani kwamba ndege ndio walioivusha bahari kwa mbegu zake zenye kunata. Nyingine zote zilipandishwa merikebuni na binadamu, baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Kwa nini zilipandishwa? Si kwa ajili ya uzuri wake. Huko Oaxaca, Meksiko, wenyeji walikuwa wakifuga juu ya mpungate mdudu mdogo mwenye rangi nyekundu ndani ya mwili wake. Mdudu huyo akikaushwa na kusagwa hutoa rangi iliyokuwa ikipendwa mno na wafalme na maaskofu wa Ulaya, na Wahispania waliitunza siri yake kama watu watunzavyo hazina. Mwaka 1777 Mfaransa mmoja, Thiéry de Menonville, alifika Oaxaca kwa hila, akanunua vipande vya mpungate vyenye wadudu, akavivusha mpaka Saint-Domingue, nchi iitwayo Haiti leo. Mwaka 1788 merikebu za kwanza za Waingereza waliokwenda kukaa Australia zilichukua mipungate na wadudu wake kutoka Brazil, kwa tamaa hiyo hiyo ya rangi nyekundu. Tazama basi: mmea ulisafirishwa kwa kuwa ulikuwa malisho ya mdudu. Mpungate ulifaa kwa safari hizo kwa sababu haukuhitaji mbegu wala mzizi. Kipande kimoja kikavu, kilichotupwa katika sanduku kwa wiki kadhaa, kikiguswa na udongo huota.

Sifa hiyo ya kuota kutokana na kipande ndiyo iliyotajirisha na ndiyo iliyoangamiza. Mfano wa utajiri uko karibu nasi, japo mmea wake si kaktasi. Mkonge nao ni mwenyeji wa Meksiko, nao pia huzaliana pasipo mbegu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche midogo ya mkonge 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitokea mashamba ambayo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliifanya Tanganyika kutoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka na kuongoza ulimwengu.

Mfano wa maangamizi ni Australia. Mpungate wa jamii iliyofika baadaye, ukapandwa kuwa ua na pambo, uliponyoka mikononi mwa wenyewe. Kufikia miaka ya 1920 ulikuwa umefunika kama hekta milioni 24 za Queensland na New South Wales, na wakulima walikuwa wakihama na kuyaacha mashamba yao. Mashoka hayakufaa, kwa kuwa kila kipande kilichokatwa kilikuwa mche mpya. Wokovu uliletwa na nondo mdogo kutoka Argentina, Cactoblastis, aliyepelekwa huko mwaka 1925, ambaye viwavi wake hutafuna mpungate kwa ndani. Katika muda usiozidi miaka kumi sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa wazi tena. Watu wa Boonarga, Queensland, walijenga ukumbi wa mkutano mwaka 1936 wakaupa jina la nondo huyo. Hatujui ukumbi mwingine uliojengwa kumheshimu kiwavi.

Mpungate wa jamii iyo hiyo uko Laikipia, nchini Kenya. Uliletwa wakati wa ukoloni kuwa ua na pambo, hasa pande za Doldol, na kwa miaka mingi ulikaa kwa adabu. Kisha malisho yalipodhoofika kwa mifugo kuwa mingi na mvua kuwa haba, ukaanza kutembea. Nyani na tembo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali na mahali pa kwanza. Vipande vyake huanguka na kuota penye kuanguka. Mbuzi naye hushawishika na utamu wa tunda, lakini tunda hilo limejaa vimiiba vidogo mithili ya singa, vinavyochoma midomo, ulimi, utumbo na hata macho. Kwa wafugaji wa Laikipia jambo hili si la mapambo tena. Mbuzi aliyechomwa ulimi hali, na mbuzi asiyekula hatoi maziwa. Mwaka 2014 aliachiliwa huko mdudu wa rangi, ndugu wa yule wa Oaxaca, ili aufyonze mpungate mpaka unyauke, naye amefanya kazi njema katika sehemu alizofikishwa. Kadhalika viko vikundi vya wanawake vilivyoamua kuyachuma matunda na kutengeneza maji ya kunywa na jamu.

Lakini historia haipendi kufundisha kwa upande mmoja. Katika Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, mpungate huitwa beles, nao umekuwa huko tangu karne ya 19. Watu wa huko wanaula na kuuuza, na tunda lake huiva katika miezi ya mvua, wakati ghala zimekauka na mavuno hayajafika. Mwanzoni mwa karne hii mdudu wa rangi alipelekwa Tigray kwa nia ya biashara. Akaponyoka, akaiharibu mipungate ya watu, na chakula cha miezi ya njaa kikapungua. Mdudu anayeshangiliwa Laikipia analaaniwa Tigray, na wote wawili wana haki. Jirani zetu wa pande zote mbili, kusini na mashariki, wametupa somo moja kwa njia mbili zilizopingana, nasi wa Bilpam tuko katikati.

Hapa tuiache mipungate kwa muda tugeukie kazi ya kubebesha, ambayo ni kongwe kuliko safari zote hizo. Mroma Cato, aliyeandika juu ya kilimo yapata miaka 160 kabla ya Kristo, aliifahamu na kueleza namna ya kuifanya kwa mizabibu. Nchini China, Jia Sixie aliifafanua kwa mipea katika karne ya 6. Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne ya 12, aliikusanyia maarifa ya Waarabu, Wagiriki na Waroma katika kitabu chake kikubwa cha kilimo. Kwa Kiarabu kazi hii huitwa kwa neno lenye asili moja na neno la kula na kulisha: shina huonwa kama mlishaji. Kiswahili kimeona vingine. Wakulima wa machungwa wa Muheza, ambao huchukua jicho la mchungwa mtamu na kulitia katika mche wa mlimau, hunena kwamba wameubebesha. Shina limembeba mtoto asiye wake mgongoni. Kwa maoni yetu neno hili ni zuri kupita kupandikiza, ambalo limechoka kwa kazi nyingi: hupandikizwa mpunga, hupandikizwa mbegu, hupandikizwa chuki. Tungependa vitabu vya shule vilitumie neno kubebesha peke yake kwa maana hii, na kipande kinachobebwa kiitwe kikonyo, kama wakulima wenyewe wasemavyo.

Kikonyo hakibadiliki tabia. Mchungwa juu ya mlimau huzaa machungwa, wala si tunda la katikati. Watu wa kale walipenda kusimulia maajabu ya mti mmoja wenye matunda ya kila namna, na mengi ya maajabu hayo ni hadithi. Faida ya kubebesha ni nyingine: shina lenye nguvu humwazima mdhaifu mizizi yake. Hivyo ndivyo mizabibu ya Ufaransa ilivyookolewa baada ya miaka ya 1860, mdudu wa mizizi alipoivamia. Ilibebeshwa juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mdudu huyo hayawezi.

Mdhaifu kupita wote ni kaktasi moja ndogo ya duara, nyekundu kama pilipili iliyoiva, ambayo wengi wetu tumeiona imekaa kama kofia juu ya shina la kijani lenye pembe tatu. Mwaka 1941, nchini Japani, mkulima wa maua Eiji Watanabe aliona kati ya miche yake ya Gymnocalycium mihanovichii, kaktasi itokayo Paraguay, miche isiyokuwa na rangi ya kijani. Rangi ya kijani ndiyo jiko la mmea. Mmea usiokuwa nayo hauwezi kujipikia chakula kwa mwanga wa jua, nao hufa mara akiba ya mbegu inapokwisha. Watanabe aliiwahi, akaibebesha juu ya shina la kijani, ikaishi. Kwa Kijapani iliitwa hibotan, jina la ua jekundu. Tangu hapo imezidishwa kwa njia moja tu: vitoto vinavyochipuka ubavuni mwake hung'olewa na kubebeshwa kila kimoja juu ya shina jipya. Biashara hiyo ilikuja kushika mizizi Korea Kusini, ambayo huuza nchi nyingi. Hata mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, ambao umeziweka karibu kaktasi zote chini ya ulinzi, una maelezo yanayoitaja kwa jina kaktasi hii isiyo na kijani, iliyobebeshwa, na kuiacha ipite. Sheria imetambua kwamba kiumbe hiki hakikuibwa jangwani. Ni mtoto wa kisu.

Shina linaloibeba mara nyingi ni lile lizaalo tunda la dragoni, ambalo siku hizi hulimwa pia Kenya na Uganda. Kwa mtu wa Juba hii ni bahati. Katika nchi za baridi shina hilo hufa kwa ubaridi, na kofia yake nyekundu hufa pamoja nalo. Huku kwetu joto halipungui kiasi cha kuliumiza.

Namna ya kufanya ni hii. Chukua kipande cha shina la dragoni chenye urefu wa shibiri, ukiache kivulini kwa wiki moja mpaka jeraha lake likauke, ndipo ukipande katika mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Kikisha kushika mizizi na kuanza kukua, chagua siku za ukavu. Katika mvua zetu za Aprili hadi Oktoba jeraha huoza upesi, isipokuwa kazi ifanywe chini ya paa lisilovuja. Kisu kisafishwe kwa spiriti. Kata kichwa cha shina kwa mkato mmoja ulionyooka, kisha uzichonge pembe zake tatu kwa mshazari, kwa kuwa ngozi yake hubaki imara huku nyama ikisinyaa, na bila hivyo itakisukuma kikonyo juu. Kata na kikonyo vivyo hivyo. Katikati ya kila mkato utaona kiduara cha mishipa. Viduara hivyo viwili ndivyo siri yote: sharti vigusane, japo kwa sehemu moja. Kikonyo kikiwa kikubwa na kiduara cha shina kidogo, usikiweke katikati kwa ajili ya uzuri. Kisogeze pembeni mpaka mishipa ikutane. Kandamiza taratibu kuondoa hewa, pitisha mpira mmoja au miwili juu ya kikonyo na chini ya chungu, uweke kivulini, wala usimwagie maji kichwani. Baada ya wiki moja au mbili ondoa mpira. Kikonyo kilichoshika hung'aa na kuvimba; kisichoshika huanguka kikiguswa.

Yabaki mabaki. Kazi hii huacha vipande mezani, na mwenye bustani ya shule hupata karai zima. Kipande cha hibotan kikitupwa hakina madhara, kwani hakiwezi kuishi peke yake. Kipande cha mpungate ni jambo jingine. Bilpam ina mitaro ya maji ya mvua, na maji hayo huteremka kuelekea Bahr el Jebel. Ng'ambo ya mji kuna ng'ombe na mbuzi wa watu ambao hawajapata kuusikia mmea huu. Laikipia haikuvamiwa na jeshi, ilivamiwa na ua wa nyumba. Kwa hiyo tunashauri mabaki ya mpungate yaanikwe juu ya bati mpaka yawe makavu kabisa, kisha yachomwe moto. Na matunda yasiyoliwa yachomwe pia, kwa ajili ya mbegu. Wala mpungate usitumike kuwa ua wa shule, hata kama fedha ya senyenge haipo. Mnyaa upo, asili yake ni Afrika, na mbuzi huuacha, ingawa watoto waambiwe wazi habari za utomvu wake.

Mwenye hibotan na ajue pia kwamba haidumu. Shina na kikonyo havikui kwa mwendo mmoja, na baada ya miaka michache kofia nyekundu husinyaa na kuanguka. Wengi hapo hulitupa shina lililobaki wakidhani mmea umekufa. Shina li hai. Likihamishiwa penye nafasi na kuegemezwa kwenye nguzo au mti, hupanda, hutoa matawi, na likishapevuka huchanua ua jeupe kubwa kupita kiganja, lifunguikalo usiku na kunyauka asubuhi inayofuata.